Fumbo la Ras Ngomeni: swali bovu, hesabu mbovu, kasha linalolowa kila bamvua

Jamani, hili kasha la fumbo la Ras Ngomeni hapa Malindi (chombo kilichofichwa cha mchezo wa geocaching, unajibu maswali ya ukurasa wake mtandaoni upate koodineti, kisha unakitafuta kwa GPS) lizimwe kwenye ukurasa huo mpaka mwenyewe alirekebishe. Watu wanateketeza nauli bure kwa makosa ya kukaa chini na karatasi jioni moja tu yakaisha.

Swali la kwanza ndilo linaloharibu kila kitu. Ukurasa unauliza ni mwaka gani setilaiti ya kwanza ya San Marco, zile za Waitaliano, ilirushwa kutoka Ngomeni, na kikagua-majibu cha ukurasa, kinachoonyesha kijani ukipatia, kinakubali 1964 peke yake. Uongo! San Marco ya kwanza iliruka Desemba 1964 kutoka kisiwa cha Wallops, Marekani. Iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini hapa kwetu ni San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Na tarakimu ya mwisho ya mwaka huo ndiyo inayokaa mara tu baada ya nukta kwenye dakika za latitudo. Ukiweka 7 badala ya 4, umesogea dakika 0.300, yaani zaidi ya mita 550. Anayeijua historia ya pwani yake anapotea, anayebahatisha anapata kijani. Huko ni kuwaonea watu. (Swali la setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970, ni zuri sana. Liachwe.)

Longitudo nayo ni balaa. Mwenye kasha amechukua sekunde akaziandika kama desimali za dakika. Sekunde 27 haziwi .270, unagawa kwa 60, unapata .450. Kosa hilo linakutupa mita 330 hivi magharibi, kwenye makazi ya watu, na chombo kiko ufukweni. Msidanganywe na ile rangi ya kijani: kikagua-majibu kinalinganisha jibu lako na alilolijaza yeye, basi. Tena herufi S, yaani kusini, haipo kwenye fomula ya koodineti. Ukiinakili vile vile, programu inaihesabu kaskazini ya ikweta, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa.

Maelezo yanasema "fika rasini maji yakikupwa". Rasi ipi? Koodineti za kuanzia ziko kwenye mnara wa Vasco da Gama, na kwa kanuni za mchezo kasha la fumbo halizidi kilomita 3.2 kutoka hapo. Kwa hiyo haliwezi kuwa Ngomeni. Mgeni asiyejua kanuni anapakiwa kwenye bodaboda mpaka huko kutafuta kitu alichokiacha mjini. Mstari mmoja tu ungemwokoa.

Sasa chombo chenyewe. Ni kikopo cha plastiki cha kifuniko cha kubana, kimesokomezwa kwenye ufa wa tumbawe, chini ya pale chaza walipoishia kung'ang'ania mwamba. Chaza wakiwepo, maji yanafika. Mwezi mpya na mwezi mpevu, bamvua inapanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, kikopo kinazama chote. Daftari limekuwa uji, na kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi nyevu. Weka chupa ya mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha chenye mpira wa kuzibia, daftari ndani ya mfuko wa zipu, pakiti ya silika ya kunyonya unyevu na penseli. Sanduku la chuma usilete, chumvi italila. Kipandishe juu kabisa ya chaza, ukifunge kwa mshipi mnene.

Na ukurasa useme wazi: hakuna kuchimba, hakuna kubandua jiwe. Kwa kupotezwa na hesabu hizi, watu wameanza kufukua mawe karibu na mnara. Ule ni urithi ulio chini ya Makavazi ya Kitaifa, mchezo utakuja kupigwa marufuku pale kwa ajili ya kasha moja!

Watafutaji, msiishie kuandika "sikupata". Wekeni taarifa ya kuhitaji matengenezo, mtaje swali la mwaka na longitudo, ili mkaguzi wa mchezo alizime. Mwenye kasha akiwa hana nafasi ya kulitunza, alifunge na akaondoe kikopo chake baharini.