Nyumba ya kasisi ya enzi za Malkia Victoria: madirisha yang'olewe au yabaki?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, mimi ni seremala, niko Uingereza mwaka wa 11 sasa, na kazi yangu kubwa ni madirisha ya zamani. Mwezi uliopita niliitwa kwenye nyumba ya kasisi huko kijijini. Ni ya miaka ya 1850 na iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Waumini wamegawanyika. Kuna wanaotaka madirisha ya mbao yang'olewe, yawekwe ya plastiki yenye vioo viwili, kimoja nyuma ya kingine, ili kuzuia baridi. Wengine hawataki yaguswe hata kwa brashi.

Msimamo wangu ni kwamba yasing'olewe, na naomba nieleze kwa nini kabla hamjanirukia.

Chukueni nyumba ya kasisi ya Coalpit Heath, Gloucestershire. William Butterfield aliisanifu 1844–45 pamoja na kanisa la jirani, St Saviour. Siku zile nyumba ya heshima ilitazamiwa iwe na uso uliolingana: mlango katikati, madirisha sawa kushoto na kulia, hata kama chumba kilicho nyuma yake hakina haja nalo. Butterfield alianzia ndani. Chumba kinachotaka mwanga kikapata dirisha kubwa, ngazi ikapata la kwake, dohani ikaachwa itokeze ukutani bila kufichwa. Paa la mteremko mkali, mawe, basi. Msanifu mwingine, G. E. Street, akashika njia hiyo hiyo kwenye nyumba ya kasisi ya Wantage. Ofisini kwa Street ndiko msanifu Philip Webb na msanii William Morris walikofahamiana, na Webb akaja kumjengea Morris ile nyumba iitwayo Red House, 1859–60, ambayo wanafunzi wa usanifu wanafundishwa hadi leo. Kwa hiyo tusizichukulie hizi kama nyumba za watumishi wa kanisa tu. Humo ndimo usanifu wa nyumba ya kawaida ulimojifunza kusema kweli.

Ndiyo maana dirisha lina uzito wote huu. Ukisimama nje ukalitazama, unajua chumba gani kiko nyuma yake. Ukiweka plastiki nene ya saizi moja nyumba nzima, umeinyamazisha.

Sasa hali yenyewe ya hayo madirisha. Nilifungua moja la sebuleni, lile la kupandisha na kushusha. Ndani ya fremu, kila upande, mna uwazi wenye pande la chuma linaloning'inia kwa kamba. Hayo mapande mawili yanalingana na uzito wa kioo na mbao zake, na mtoto mdogo anaweza kulipandisha. Kamba zilikuwa zimekatika, watu wakadhani dirisha limekufa. Nilichomeka patasi kila mahali. Haikuzama ila kwenye ubao wa chini, pakubwa kama kiganja. Hapo unakata palipooza, unaunga mbao mpya, unabadilisha kamba, unaziba upepo pembeni kwa brashi nyembamba. Mbao ile imeshakaa zaidi ya miaka 150, ilhali plastiki haina historia hiyo.

Nasubiri hoja zenu.

Jibu la kwanza

Fundi, heshima yako, lakini unatetea mbao kuliko mtu. Kasisi hakuichagua nyumba hiyo, amepangiwa. Posho yake ni ndogo na gesi ya kupasha joto analipa yeye. Kanisa la Uingereza lenyewe limeuza maelfu ya nyumba hizi tangu karne iliyopita, likajenga ndogo zinazopashika joto. Kama wenyewe wameona ni mzigo, wewe unamlazimisha nani? Wamuuzie tajiri wa London apambane na urasimu wa vibali.

Jibu la pili

Kaka seremala, mimi ni mke wa kasisi, na nyumba kama hiyo ndiyo ninayolala. Januari nakaanga vitumbua nikiwa na koti. Kwa hiyo baridi usinisimulie.

Ila niseme na la upande wa pili. Chumba cha kusomea cha mume wangu kiko hapo hapo ukiingia mlango wa mbele. Mtu aliyefiwa anaingia, analia, anatoka, na watoto wangu mezani hawajamwona. Yule aliyeichora alijua kazi ya kasisi. Tuliwahi kupewa nyumba mpya kabla ya hii. Mgeni alikuwa anapita sebuleni kwenye nguo zinazokauka. Sitaki kurudi kule. Nataka hii, yenye joto.

Mwanzisha mada

Dada, umenisaidia kusema nililoshindwa.

Ndugu wa jibu la kwanza, la gesi nakubali kabisa, na sheria ndiyo inayonikera hapo. Kanisa linalotumika kwa ibada lina utaratibu wake wa vibali, lakini nyumba ya kasisi haimo humo: sheria ya 1990 inaitaka iombewe kibali halmashauri kama jengo lolote lililo kwenye orodha, na ukibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, hadi miaka 2 jela. Sawa. Halafu serikali hiyo hiyo inatoza kodi ya VAT asilimia 20 kwenye matengenezo, na nyumba mpya haitozwi kitu. Tangu Oktoba 2012 hata mabadiliko yaliyopewa kibali yanatozwa. Anayetunza anaadhibiwa, anayeanza upya anapewa nafuu. Hapo ndipo ningetaka kelele zetu zielekezwe.

La kumuuzia tajiri silikubali. Ataiwekea joto, kweli, lakini ule mlango wa chumba cha kusomea hautagongwa tena na mfiwa. Hata Edward Steere, askofu Mwingereza aliyekuja kujenga kanisa kuu la Mkunazini pale Zanzibar, alitoka kwenye parokia ya kijijini, Little Steeping, Lincolnshire. Kasisi wa kijijini alikuwa mtu wa kufikiwa kwa miguu.

Jikoni upande wa nyuma, ambako madirisha mara nyingi yameshabadilishwa zamani, ningewaombea kibali cha vioo viwili kwenye fremu za mbao. Mbele, weka kioo cha pili kwa ndani, kinachotoka bila kuacha alama.

Na dada, kabla hujatumia senti: sebuleni kwako, tazama kingo za dirisha kwa ndani, kushoto na kulia. Ukiona ubao kama wa kabati usiofunguka, pitisha kisu taratibu kwenye mshono wa rangi. Nyumba nyingi za miaka ile zina vibao vya kufunga usiku, vimekunjwa humo na kupakwa rangi mpaka vimesahaulika. Kama vipo, vifungue jioni hii, uniambie chumba kimekuwaje.