Tupeane uzoefu: mnaoishi vitongoji tulivu vya pembezoni Uingereza, maisha yakoje?

Mleta Uzi

Wakuu, habari za jioni. Nimehamia na familia Emmer Green, kaskazini ya Reading, baada ya kubanana Barking, London mashariki, kwa miaka. Ukifika mwisho wa mtaa wetu nyumba zinaisha, Berkshire nayo inaisha, unaingia Oxfordshire: ngano, michongoma, na farasi waliovalishwa makoti. Jirani na hapa kuna jumba la Caversham Park, ambako BBC walikaa kuanzia 1943 hadi 2018 wakisikiliza redio za dunia nzima. Nimeelewa kwa nini walipachagua. Huku jirani akipiga chafya ndani kwake, unasikia.

Shida yangu ni hicho kimya. Saa mbili usiku mtaa mzima umelala. Mke wangu anasema presha imeshuka, mimi nakodoa macho darini, maana Barking nilishazoea kusinzia na ving'ora. Mnaoishi sehemu kama hizi, leteni uzoefu. Nataka ya kweli, picha za maua tumeshaziona.

Dada wa Marangu

Karibu, kaka. Mimi niko nje ya Banbury, nimeshakuwa mwenyeji. Usidhani hawakuoni. Wanakuona sana, ila hawasemi. Huku mapipa ya taka yanachukuliwa kwa zamu, wiki hii la taka za kawaida, wiki ijayo la makaratasi na chupa, na kila mtu hulitoa barabarani usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kuna kipindi kichomi kilinilaza, niko peke yangu, sina hata nguvu ya kupokea simu. Bibi wa nyumba ya mkabala akaona pipa langu halijatoka na mapazia yamefungwa mpaka mchana. Kesho yake hivyo hivyo. Akaja kugonga, ndiye aliyeniitia msaada. Kabla ya hapo tulikuwa tunaongelea mvua tu.

Ila msiba ndio ulinionyesha tofauti. Baba alifariki nyumbani, nauli ya ghafla sina, nikakaa sebuleni kama ninayesubiri watu. Kwetu turubai lingeshafungwa, masufuria yangeshaazimwa. Hapa hakuna aliyeingia. Kadi zilidondoshwa mlangoni bahasha moja moja, nyingine sijui hata zimetoka nyumba ipi. Baada ya siku chache nasikia mashine inanguruma nje: babu wa jirani anakata majani ya mbele ya nyumba yangu. Alipomaliza akaninyooshea mkono akiwa barabarani, akaenda zake. Nililia kuliko siku niliyopigiwa simu. Lakini msinielewe vibaya, ningepewa kuchagua, ningechagua turubai.

Nilikimbia

Mimi nilishindwa nikahama. Duka moja, baa moja, kanisa la mawe lenye waumini wa kuhesabika, na basi la mwisho saa kumi na mbili jioni. Sasa niko Leicester. Napata mihogo na mbaazi dukani, na mzee mwenye duka ni Mhindi aliyetoka Uganda na wale waliofukuzwa 1972, ananipunguzia bei kwa Kiswahili. Endeleeni na farasi wenu.

Kea wa Zamu

😂 Huyo wa Leicester aachwe na mihogo yake.

Mimi nawaletea ya barabarani. Nafanya kea Herefordshire, kuwazungukia wazee majumbani kwao, na bila gari kazi hiyo huku huiwezi. Leseni ya Tanzania au Kenya unaendeshea miezi 12 tangu uanze kuishi hapa. Baada ya hapo unaomba ya mwanafunzi na kufanya mtihani upya, nadharia na vitendo, hata kama ulikuwa unapandisha lori Kitonga. Mzimbabwe anabadilisha yake bila kurudia mtihani. Sisi hatumo kwenye orodha.

Barabara zenyewe ni za gari moja, michongoma kulia na kushoto imezidi kimo cha gari, halafu kuna kibao cheupe chenye mstari mweusi kinachokuruhusu maili 60 kwa saa. Usikubali, nyuma ya kona kuna trekta. Mkikutana uso kwa uso, aliye karibu na sehemu ya kupishania ndiye anayerudi nyuma, na aliyepishwa ananyanyua kidole cha shahada bila kuachia usukani. Usiponyanyua, wiki haiishi wanalijua gari lako. Ukikuta farasi, usizidi maili 10 kwa saa, mwachie nafasi ya mita 2, na honi usiiguse kabisa.

Sasa lile ambalo hatupendi kulisema. Kati ya mteja na mteja kuna mapengo, unaegesha pembeni ule kiporo chako. Hapo ndipo atatokea mtu na mbwa, atagonga kioo, atauliza kwa upole wote kama umepotea. Sare ya kazi umevaa, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kwenye nguzo ya taa kuna kibandiko cha ulinzi wa majirani, mpango ulioanzia Mollington, Cheshire, mwaka 1982. Ndiyo Nyumba Kumi yao. Mwenzangu Mzungu anaegesha palepale na hajawahi kuulizwa lolote. Mimi siku hizi nashusha kioo, nataja kampuni, namsifia mbwa. Mtu anaondoka anacheka, na mimi nabaki na wali uliopoa.

Mama Bustani

Pole, mdogo wangu. Hilo la kioo limenitokea hata nikiwa natembea kwa miguu kwenye njia za mashambani, na zile ni haki ya kila mtu. Ukiona mshale wa njano kwenye nguzo, unapita katikati ya shamba la ngano la mtu na hakuna wa kukuzuia, mradi geti uliache kama ulivyolikuta. Mimi nilikuwa naganda nje ya uzio nikidhani nitatolewa mbwa. Sasa nakatiza na kikapu changu.

Mtoto wa Mvita

Assalaam alaikum jamani. Mimi niko kijijini Buckinghamshire, msikiti wa karibu ni wa High Wycombe. Waliokuwa huku 2015 na 2016 watakumbuka, Ramadhani ilituangukia Juni. Magharibi ni saa tatu na nusu usiku hivi, ukimaliza kula na kuswali Isha, daku hii hapa. Mtaa mzima giza, taa ya jikoni kwangu ndiyo inayowaka. Mama wa jirani alivumilia weee, mwisho akanisimamisha kuniuliza kama nina mgonjwa ndani. Nikamweleza. Siku ya Idi nikampelekea mahamri na mbaazi za nazi. Sahani ikarudi na jamu ya plamu. Ndio ukawa mchezo wetu, hakuna anayerudisha sahani tupu.

Ya Desemba ni starehe, jua linatua kabla ya saa kumi jioni. Mwaka 2030 Ramadhani zitaingia mbili, Januari na Desemba. Njooni mfuturu kwangu, basi mtalitafuta wenyewe.

Mleta Uzi

Asanteni sana, mke wangu anasoma pembeni hapa. Ana swali. Jumamosi tulichoma kuku bustanini, akashuka mwewe mkubwa mwenye mkia wa panda, kanyakua paja kwenye sinia mbele ya watoto. Tangu siku hiyo mama watoto kashika fagio. Hivi na huku wapo?

Mama Bustani

Wapo tele, shemeji! Walikuwa wamekwisha kabisa England. Wakarudishwa vilima vya Chilterns kati ya 1989 na 1994 kwa makinda yaliyoletwa kutoka Hispania, wakazaliana mpaka wakakufikieni. Na kuna wenyeji wanaowatupia vipande vya nyama bustanini kwa mapenzi tu, ndiyo maana hawaogopi watu. Mwambie wifi fagio aweke, afunike sinia.

Kuhusu kukosa usingizi, jiandikishe upate kipande cha bustani ya kukodi. Tangu sheria ya 1908 halmashauri zinatakiwa kutenga ardhi hiyo pale wananchi wanapoihitaji. Kipande kizima ni kama mita za mraba 250, na foleni ni ndefu, kwa hiyo usingoje. Mimi niko nje ya Northampton. Mchicha nasia baada ya katikati ya Mei, maana sakitu ya usiku mmoja inaua kila kitu. Mahindi yanakubali, ila gobo la kuchoma ulisubiri mwisho wa Agosti. Wenzangu wanalima maboga kwa ajili ya tunda tu, majani wanatupa kwenye mboji! Nikawaomba. Sasa kila nikifika nakuta mfuko wa majani machanga umening'inizwa kwenye kigingi changu. Mzee mmoja alitaka kujua nayafanyia nini, nikamwonjesha, yenye karanga. Akasema si mabaya, ambayo kwa Mwingereza ni sifa kubwa. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe na bakuli.

Kea wa Zamu

Kwa wanaosoma kimyakimya wakipanga kuhamia huku, mambo mawili kabla hamjasaini mkataba wa nyumba. Nauli ya basi England ilikuwa na kikomo cha pauni 2 tangu Januari 2023, ikapanda kuwa 3 Januari 2025. Ni nafuu, lakini nauli nafuu haisaidii kama basi lenyewe halipo. Simama kituoni Jumapili uone kama litapita.

La pili, uliza nyumba inapashwa joto na nini. Vijiji vingi havina bomba la gesi, boila inakula mafuta na tenki liko nyuma ya nyumba. Wauzaji wengi hawakuletei chini ya lita 500, na ukiagiza wakati wa baridi kali bei inakutoa jasho. Mwulize jirani kama kijiji kina kikundi cha kuagiza kwa pamoja, ujiunge kabla ya Septemba. Mimi watu wa huku nimewafahamu kwenye hicho kikundi, kuliko kanisani.

Mleta Uzi

Sisi tuna gesi, mkuu, na basi lipo mpaka usiku. Kumbe bado tuko mjini.