Naombeni ushauri: sanduku la simu ya zamani kwenye buti ya Benzi, nadhani ndilo linamaliza betri

MwanaBombo
Habari za jioni ndugu zangu. Nina Mercedes 230E ya 1991, ile bodi ya W124, usukani kulia. Ikilala siku mbili bila kuwashwa betri imekufa kabisa, nimeweka betri mpya mwezi uliopita lakini ni yaleyale. Ni otomatiki kwa hiyo hata kusukuma haisaidii, kila mara natafuta jirani wa kunijampia. Sasa ndani kuna simu ya zamani, ile ya waya, imekaa kati ya viti vya mbele, na kwenye buti kuna sanduku zito la chuma. Nashuku ndilo linakula umeme wa betri. Jumamosi gari inaenda kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kwa wakwe, huko Mukono. Nataka kujua tu waya zipi ni za simu nizikate. Msaada jamani, silali.

FundiNdeeba
Usikate. Hilo sanduku la kwenye buti lenye mapezi ya alumini ndiyo simu yenyewe, hiyo ya mbele ni mkono wa kuongelea tu. Kwenye sanduku utaona waya nene nyekundu, hiyo inakwenda moja kwa moja mpaka betri. Nyeusi imebanwa kwenye bodi kwa bolti. Ya tatu ni nyembamba, inatoka kwenye swichi ya ufunguo, kazi yake kuiambia simu gari imewashwa. Halafu kuna kebo ya duara inapanda kwenye eriali, angalia kioo cha nyuma kama kuna kijiti chenye koili katikati. Pengine na maikrofoni ndogo karibu na taa ya juu, na waya mwingine mwembamba unakwenda kwenye redio, simu ikilia redio inanyamaza.
Fuata ile nyekundu mpaka karibu na betri, kuna fyuzi. Fyuzi ndiyo unatoa, koleo weka mbali.
Maswali mawili: ukigusa sanduku asubuhi lina joto? Na kuna kitu umeshagusa?

Ochola_Tororo
Iache hapohapo! Wakwe wakiona simu kati ya viti mahari inapanda mara mbili 😂

HajjatArua
Mwanangu mimi si fundi, lakini nakuomba usikimbilie kung'oa. Marehemu mume wangu aliacha Peugeot 504, kijana wetu akatoa redio ya kaseti akaiuza bila kuniuliza, mpaka leo pale kwenye dashibodi pana tundu, na mimi kila nikikaa mbele macho yanakwenda pale. Tulisafiri naye Arua hadi Kampala tukisikiliza ile redio, barabara ya Karuma wakati huo si ya mchezo. Hiyo gari ni ya nani hasa? Sijaona ukisema.

MwanaBombo
Asante Fundi. Sanduku lina joto kidogo asubuhi, ndiyo. Kugusa nimegusa kidogo tu. Hajjat gari ni ya nyumbani.

FundiNdeeba
Kidogo ndiyo nini? Sema, kama kuna waya wa betri umeachwa wazi chini ya kapeti gari inaweza kuungua na watu ndani.

MwanaBombo
Sawa nasema. Jumapili usiku nilikata ule mkungu wa waya unaotoka chini ya mkono wa simu, nikatoa mkono wote. Betri ikafa vilevile, na tangu siku ile redio inawaka taa lakini haitoi sauti. Gari ni ya mzee wangu, yuko Arua kwa matanga, anarudi Ijumaa, hajui. Na kuna mtu wa soko la Kisekka, Kampala, anayekusanya vitu vya zamani, ameshanipa advansi 150,000 za simu nzima pamoja na sanduku. Msinilaumu, ile simu haijawahi kuita hata siku moja tangu gari ifike, na mzee mwenyewe ndiye analalamika betri. Nilitaka akirudi akute gari inawaka. Kosa liko wapi?

HajjatArua
Kosa ni kutouliza mwanangu. Babako yu hai, mimi wangu ningetamani kumuuliza.

Mpekuzi256
Samahani lakini hii hadithi ni ya kutunga. Mtandao wa simu wa Celtel ulianza hapa Uganda 1995, MTN 1998. Gari ya 1991 ilikuwa na simu ya kumpigia nani? Halafu sheria ya 2018 inakataza kuingiza gari iliyofikisha miaka 15, sasa hiyo imeingiaje? Tena mtu wa Bombo anaandika Kiswahili kama wa Mombasa. Naona dalali anatafuta mteja wa simu ya kale, hiyo advansi ni ya kutupandishia bei.

Ochola_Tororo
Eh banange, hata mimi nimeanza kujiuliza.

MwanaBombo
Gari iliingia 1997 kupitia Mombasa na Malaba, ikiwa ishatumika Uingereza, hiyo sheria ilikuwa bado miaka ishirini na zaidi. Kiswahili nimelelewa nacho, mzee alikuwa mwanajeshi na Bombo ni kambi, mlitaka nizungumze nini? Siuzi kitu hapa, aliyenunua nimeshamtaja. Mimi naogopa Ijumaa, ninyi mnanifanya tapeli.

KebobaJinja
Mpekuzi hapo umemwonea. Kule Uingereza mtandao wa simu za selula, zikiwemo za gari, ulianza 1985, wa analogia, wao waliuita TACS, na kufikia 2001 ulikuwa umezimwa wote. Hapa tulianza na GSM ya dijitali. Simu yake haina hata pa kuweka laini, isingeshika mtandao wetu ukiiweka juu ya mnara wa Kololo. Magari kama hayo yaliyokuja na simu bubu yapo, mimi nimeyaona.

Mpekuzi256
Kwa maelezo hayo nakubali. Samahani MwanaBombo.

FundiNdeeba
Turudi kwenye gari. Redio haijafa. Ule waya wa kunyamazisha ukigusa bodi redio inadhani kuna simu, inakaa kimya. Umeukata, ncha yake inagusa chuma. Ifunge tepu, sauti itarudi.
Betri inakufa kwa sababu ulichokata ni waya za mkono wa mbele, sanduku bado linapata umeme. Na hilo joto la asubuhi linanipa jibu: aliyelifunga aliunganisha ule waya mwembamba wa swichi na ile nyekundu, ili simu iite hata gari ikiwa imezimwa. Basi halilali. Pima: gari imezimwa, milango imefungwa, subiri nusu saa, weka mita ya ampea kati ya nguzo hasi na waya wake. Ya kawaida haizidi milliampea 50. Ukiona nusu ampea, zidisha kwa saa 24, ni ampea-saa 12 kwa siku, betri yako ya ampea-saa 60 siku mbili tatu haina nguvu ya stata. Toa fyuzi ya simu uone mita inashuka. Isiposhuka, mwizi ni mwingine, anzia taa ya buti.
Ukishusha nguzo ya betri redio itadai namba yake ya siri, uwe nayo kabla. Na huyo wa Kisekka asitoe sanduku mpaka fyuzi iwe mfukoni mwako.

MwanaBombo
Nimepima jioni. Ilisoma 0.46. Fyuzi nimeikuta kwenye kishikio cheusi karibu na betri, nilipoitoa ikashuka 0.03. Nilirukaruka pale uani kama mtoto. Asubuhi hii sanduku ni baridi na injini imewaka mara moja. Sanduku sijalitoa, mtu wa Kisekka nimemwambia asubiri.
Waya wa redio nimefunga tepu, ila nguzo nilishaishusha kabla sijasoma mstari wa mwisho, sasa redio inaandika CODE. Kadi ya namba iko kwenye pochi ya mzee.

HajjatArua
Basi mpigie.

MwanaBombo
Nampigia sasa hivi.