Ulinganisho: Kuijua hadithi ya Splatoon, uanze na ya kwanza, Octo Expansion, au uruke hadi ya 3?

pweza_wa_nane (mwanzisha mada)

Wakuu, habari. Wengi wanaanza Splatoon, mchezo wa video wa Nintendo, na mechi za kumwaga rangi, kisha maswali yanakuja. Hawa ngisi wametoka wapi? Paka anayetangaza mshindi ni nani? Mbona hakuna binadamu hata mmoja? Majibu yote yamo ndani ya mchezo, ila yametawanyika kwenye matoleo matatu na nyongeza mbili. Njia za kuingilia ninazoziona ni hizi:

A. Kwa mpangilio wa kutoka: Splatoon (kwenye mashine ya Wii U, Mei 2015), Splatoon 2 (kwenye Switch, Julai 2017), Octo Expansion (nyongeza ya Splatoon 2, Juni 2018), Splatoon 3 (Septemba 2022), halafu Side Order (nyongeza ya Splatoon 3, Februari 2024).

B. Octo Expansion kwanza, ukiwa na muhtasari mfupi wa yaliyotangulia, kisha Splatoon 3 na Side Order.

C. Splatoon 3 peke yake.

Mimi nasimama na B. Octo Expansion ndipo hadithi inapobadilika. Kabla yake pweza ni adui wa kupigwa tu. Humo unacheza ukiwa pweza, Agent 8, aliyeamka chini ya ardhi bila kumbukumbu, na mzee Cuttlefish aliyepigana na pweza enzi zake anakuwa mwenzako wa safari.

Muhtasari unaohitajika kabla ya kuanza si mrefu. Miaka 100 iliyopita bahari ilipanda, ardhi ikapungua, ngisi na pweza wakapigania iliyobaki. Ngisi walishinda, na pweza walikuwa karibu kushinda hadi plagi ya mashine zao kubwa ilipochomoka. Wakarudi chini kuishi kwenye makuba, umeme ukawa shida, ndiyo maana DJ Octavio, kiongozi wa pweza, anaiba Great Zapfish, samaki wa umeme anayewasha jiji la ngisi la Inkopolis. Agent 3 alimpiga Octavio kwenye mchezo wa kwanza, Agent 4 kwenye wa pili. Callie na Marie, waimbaji na wajukuu wa Cuttlefish, ndio Agent 1 na 2. Ukijua hayo, panda treni ya chini ya ardhi ya Octo Expansion.

Tahadhari: majibu ya chini yatagusa miisho ya hadithi.

---

hati_iliyozama

Mkuu, B ni njia nzuri, ila umeipita haraka mno thamani ya mchezo wa kwanza. Octo Valley, sehemu yake ya hadithi, ina hati zilizofichwa, moja moja ndani ya hatua, nyingi kwenye makreti yaliyo pembeni ya njia. Hizo hati ndizo msingi wa kila kitu kilichofuata. Humo ndimo inaelezwa kwamba pweza wadogo wa vita wanatokana na mikono iliyokatwa ya pweza wakubwa, na humo kuna visukuku vya binadamu. Barua ya paka Judd nayo imo: profesa wake alimlaza kwenye chombo cha usingizi wa baridi ili avuke miaka 10,000. Hiyo iliandikwa 2015. Ukifika Octo Expansion ukasikia kwamba Tartar, mashine yenye akili ambayo ndiyo adui wa humo, alitengenezwa na profesa miaka 12,000 iliyopita, unatulia na kuunganisha mwenyewe. Aliyeanzia B anaambiwa tu.

Kwa upande wa vitendo, duka la mtandaoni la Wii U lilifungwa Machi 2023 na mechi za mtandaoni za Splatoon zilizimwa tarehe 8 Aprili 2024. Kwa hiyo unahitaji diski. Hadithi haitegemei seva, Octo Valley inacheza kama kawaida bila intaneti. Kinachowakwamisha watu ni kukimbilia mwisho wa hatua na kuacha hati. Ukiona kreti lisilo njiani, livunje. Ukimaliza hatua bila hati, orodha inakuonyesha nafasi tupu, rudi mara moja kabla hujasahau ramani.

---

mwino_mzito

Naitetea C, kwa sababu moja. Swali la "binadamu walikwenda wapi" linajibiwa kikamilifu ndani ya Splatoon 3, hulipati kwingine.

Hadithi yake, Return of the Mammalians, inaanzia kwenye shimo la jangwani, halafu unadondokea Alterna. Alterna ni mji uliojengwa na binadamu wa mwisho ndani ya pango baada ya uso wa dunia kufunikwa na maji. Paa lake lilikuwa la fuwele za kioevu zilizoonyesha anga bandia na kufyonza fikra za watu. Mji ulipokufa, fuwele hizo ziliwafikia viumbe wa baharini, na hapo ndipo akili na maumbile ya ngisi na pweza wa leo yanapotoka. Ndiyo sababu wanavaa viatu na kupenda muziki kama sisi.

Halafu kuna Mr. Grizz, yule bosi wa redioni anayekutuma kukusanya mayai ya dhahabu kwenye Salmon Run, mechi za kushirikiana dhidi ya samaki. Ni dubu, mnyama halisi aliyebaki tangu enzi hizo, na mayai yote uliyomkusanyia ni ya mpango wa kuifunika dunia kwa ute wa manyoya ili mamalia warudi. Mchezo ulikuajiri kwa adui tangu 2017, ukakwambia mwaka 2022. Sijaona gemu nyingine ya kupigana mtandaoni iliyotunza siri hivyo.

Kosa la kawaida Alterna: unaweza kufika mwisho bila kumaliza hatua zote. Ukifanya hivyo utashinda, ila kumbukumbu za Alterna, yale maandishi yanayoeleza mji ulivyojengwa na ulivyokufa, zitabaki zimefungwa. Eneo moja moja, maliza kila hatua yake ndipo uhame. Samaki mdogo unayetembea naye anakula ute kwa malipo ya mayai, na kila rundo lina bei yake. Usilipie rundo kubwa mapema, fungua madogo kwanza yanayoficha hatua, kwa kuwa hatua ndizo zinazokurudishia mayai.

---

pweza_wa_nane

@mwino_mzito hoja ya Alterna ni nzito, sikatai. Lakini C ina shimo. Mwishoni Octavio anakuja kukusaidia dhidi ya Grizz. Kwa aliyempiga kwenye michezo miwili iliyopita, hilo ni tukio kubwa. Kwa aliyeanza na 3, ni bosi wa mwanzo wa gemu amerudi na mashine yake, basi. Vivyo hivyo yule "Captain" asiyesema neno: ni Agent 3 wa zamani aliyekua. Bila Octo Expansion hujui kwamba aliwahi kutekwa akili na Tartar na Agent 8 akalazimika kupigana naye.

---

mgeni_wa_rangi

Samahani wakuu, mimi nimeanzia 3 na hapo kwenye Agent 3 napotea. Mbona mimi naitwa Agent 3, na Captain naye Agent 3?

---

hati_iliyozama

Karibu. Ni wawili tofauti. Agent 3 wa kwanza ni mchezaji wa Splatoon ya 2015. Kufikia Splatoon 3 amepanda cheo, anaitwa Captain. Wewe ni Agent 3 mpya uliyeokotwa na Cuttlefish jangwani Splatsville. Agent 4 ni wa Splatoon 2, na Agent 8 ni pweza wa Octo Expansion anayerudi kwenye Side Order. Namba 5, 6 na 7 usizitafute. Jina la Agent 8 linatokana na namba yake ya majaribio kule chini, 10,008.

---

chaja_ya_marie

Mnabishana kuhusu njia, mimi naomba tuangalie wahusika, kwa sababu wao ndio wanaobeba hadithi hii. Linganisheni Callie na Marina.

Callie alivutwa kwenda upande wa Octavio, akavishwa miwani ya kupumbaza akili. Chanzo chake ni kura za wachezaji. Splatfest (shindano la kuchagua upande) ya mwisho ya mchezo wa kwanza, Julai 2016, iliwapambanisha Callie na Marie, Marie akashinda, na Splatoon 2 ikajengwa juu ya matokeo hayo. Nintendo walitoa pia hadithi fupi za maandishi kwenye tovuti yao mwaka 2017 kuonyesha jinsi kazi zilivyowatenganisha binamu hao wawili. Zisome kabla ya Octo Canyon, hadithi ya Splatoon 2. Bila hizo, Callie anaonekana ametokea tu akiwa adui, na risasi ya Marie inayoipiga ile miwani inapita bila kukugusa.

Marina ni kinyume chake. Alikuwa fundi wa jeshi la pweza. Siku ya pambano la Agent 3 na Octavio aliusikia wimbo wa Callie na Marie, moyo ukageuka, akatoroka kwenda juu. Akakutana na ngisi Pearl mlimani, wakaunda kundi la muziki la Off the Hook. Hayo mengi hayasemwi kwenye matukio ya video. Yamo kwenye mazungumzo ya maandishi kati ya Cuttlefish, Pearl na Marina, yanayofunguka kadiri unavyosonga mbele Octo Expansion. Watu wanayaruka! Kila unapoona kuna maongezi mapya kwenye menyu, simama usome. Nusu ya uzuri wa Marina imo humo, na Cuttlefish anavyobadilika anapogundua kwamba anaongea na pweza.

Kwangu Marina ndiye mhusika bora wa mfululizo mzima. Callie alibadilishwa na kura na miwani. Marina alijichagulia.

---

mwino_mzito

Kwenye kura ongeza ya Julai 2019, Vurugu dhidi ya Utaratibu. Vurugu ikashinda, ndiyo maana Splatoon 3 ipo Splatsville, jiji la jangwani lililosongamana. Side Order nayo imetoka upande ulioshindwa: dunia ingekuwaje Utaratibu ungetawala.

---

chaja_ya_marie

Naam, na hapo ndipo ninapomuunga mkono mwanzisha mada. Side Order haieleweki bila Octo Expansion. Ile Memverse, dunia ya kidijitali ambamo Side Order inatokea, ni kazi ya Marina, aliitengeneza kuwasaidia pweza waliosafishwa akili na Tartar warudishiwe nafsi zao. Kama hukuwaona pweza wale wa rangi ya kijani, macho yamezimika, utaona ni mnara mweupe tu wa kupanda. Acht naye, yule anayekaa kwenye lifti, ndiye Dedf1sh mwenye muziki uliousikia kwenye treni ya Octo Expansion.

---

rola_nzito

Nimesoma yote, naongeza upande wa ugumu, kwa sababu njia B ina mtego huo.

Octo Expansion ina vituo 80 na ni migumu kuliko chochote kwenye Octo Canyon. Kila kituo kinakata pointi za CQ, fedha ya humo, unapoingia. Ukipoteza nafasi zote ulizopewa, unalipa tena. Vituo vingi vinakupa silaha za kuchagua, na silaha ngumu inalipa pointi zaidi. Kosa la anayeanza ni kufuata malipo. Chukua unayoimudu, pita, ukusanye keki ya kumbukumbu, pointi zitakuja. Girl Power Station, ule wa kulinda tufe lisivunjwe na pweza, umewakatisha wengi tamaa. Pale usikimbilie kuua kila adui, simama karibu na tufe na upige aliye karibu nalo kwanza.

Ukishindwa tena na tena, Pearl na Marina wanajitolea kukupitisha. Kwa anayetafuta hadithi, kubali. Kumaliza hadithi kunahitaji vipande vinne tu vilivyotawanyika kwenye njia za treni, si vituo vyote 80. Vipande hivyo vinaungana kuwa mashine ya kusaga, na wewe ndiye unayetiwa ndani. Vituo 80 vimalize baadaye ukitaka pambano la siri na Agent 3.

Pambano la mwisho ni dakika 3 za kupaka wino sanamu kubwa kabla haijafyatua kuelekea Inkopolis. Wanaoshindwa pale wanapoteza muda kupaka sakafu. Lenga mabomu yaliyobandikwa kwenye sanamu, yakipasuka yanapaka eneo kubwa.

Side Order ni aina nyingine kabisa: ghorofa 30, bosi kwenye ya 10, ya 20 na ya 30, ukifa unaanza chini bila chipu (nguvu za ziada za safari hiyo) ulizokusanya. Kinachobaki ni sarafu za kununulia maboresho kwa Marina. Nunua ya kuongeza uhai mapema. Kwenye chipu, za rangi moja zinapeana nguvu, kwa hiyo usichanganye kila kitu. Chipu za droni ya Pearl zinambeba hata asiye mlengaji mzuri. Shajara ya Marina haipo kwenye safari ya kwanza. Inafunguliwa na makabati, na funguo zinapatikana kwa kumaliza mnara na paleti (seti za silaha) tofauti. Paleti zipo 12. Anayeacha baada ya kushinda mara moja ameiacha hadithi katikati.

---

mgeni_wa_rangi

Asanteni sana. Nina Switch na Splatoon 3 tu, Wii U sina. Ninunue nini kwanza?

---

pweza_wa_nane

Kwa hali yako, maliza Alterna uliyonayo, hatua zote, kwa kuwa tayari unayo. Kisha tafuta Splatoon 2 ya mkono wa pili na uongeze Octo Expansion. Bei yake ni dola 19.99, au inakuja ndani ya uanachama wa Nintendo Switch Online wenye Expansion Pack, kwa hiyo ukishalipia huo usinunue mara mbili. Octo Canyon si lazima uimalize kwanza, kituo cha treni kiko pale uwanjani. Side Order iwe ya mwisho. Imo kwenye Expansion Pass ya Splatoon 3, dola 24.99, pamoja na uwanja wa Inkopolis wa zamani.

Za mchezo wa kwanza, tafuta picha za hati zake uzisome kwa mfuatano. @hati_iliyozama yuko sahihi kwamba ni msingi, hata usipoicheza.

---

hati_iliyozama

Kabla hujalipa, angalia kadi ya Splatoon 2 ni ya eneo gani. Ilitoka kwa matoleo tofauti ya Marekani, Ulaya na Japani, na nyongeza ya duka la eneo moja haifunguki kwenye kadi ya eneo jingine. Huku kwetu kadi za mkono wa pili zinatoka kila upande, za Ulaya na za Marekani zinauzwa meza moja. Soma mgongo wa kasha, fungua akaunti ya eneo hilohilo, ndipo ununue nyongeza kwa akaunti hiyo.