Naomba ushauri: tutajuaje kama mradi wa kuzuia watu kujiua kijijini unasaidia kweli?

Habari wakuu. Huku kwetu kijijini Tanzania tumefundisha viongozi wa dini, wauza pembejeo na bodaboda namna ya kumsikiliza mtu aliyekata tamaa na kumfikisha zahanati, sasa mfadhili anataka tathmini na mi nimekwama kabisa. Vifo kwa kata moja ni vichache, vikipungua mwaka mmoja huwezi sema ni sisi, halafu kujaribu kujiua bado ni kosa kisheria kwetu (Kenya Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 linakiuka katiba) kwahiyo familia zinaficha, daftari la zahanati linaandikwa "amekula sumu kwa bahati mbaya" basi. Wakianza kutuamini na kusema ukweli idadi itapanda, mfadhili ataona tumefeli!

Sri Lanka waligawa masanduku ya kufungia viuatilifu kwenye vijiji 90 kati ya 180 vilivyolinganishwa, utafiti wa 2017 ukaonyesha hayakupunguza kitu, wakati kupiga marufuku viuatilifu vikali ndo kulishusha vifo. Naogopa na sisi tunafurahia semina tu.

Sasa nihesabu nini, waliofikishwa zahanati wakaendelea na kliniki? Tulinganishe na kata jirani? Na waliofiwa nawahoji vipi bila kuwatonesha kidonda? Aliyewahi kufanya hii kazi anisaidie jamani.