Mto unaofurika: tuunyooshe au tuuache upinde?

Kingo Imara: Wadau, msimamo wangu ni huu: mto unaofurika unyooshwe, uchimbwe, ujengewe kuta, maji yapite haraka yaende zake. Rhine kule Ujerumani ilianza kunyooshwa 1817 chini ya mhandisi Tulla, ikapunguzwa kilomita 80 hivi, na vinamasi vikageuka mashamba. Mnaopinga, leteni hoja.

Mkondo: Yaende zake wapi, mkuu? Umefupisha njia lakini kimo cha kushuka ni kile kile, kwa hiyo maji yanakimbia zaidi, yanachimba sakafu ya mto, visima vya jirani vinakauka na mafuriko yanawawahi wa chini. Hiyo Rhine yako ilijichimba hivyo hivyo. Na waliojenga bondeni walijitakia, mto haukuwafuata.

Bonde Kwetu: Walijitakia? Mtu kauziwa kiwanja chenye hati na mipaka, leo unamwambia kajitakia? Aliyegonga muhuri hakuuona mto?

Kingo Imara: Mwambie. Hawa watetezi wa ndege na vyura hawajawahi kukamua tope kwenye godoro.

Mkondo: Hunijui. Tope hilo nimelizoa chini ya kitanda cha mama yangu. Na ndege sijamtaja hata mmoja, soma kwanza.

Mzee Mashapo: Vijana, tusivunjiane heshima. Mto Kissimmee, Florida, wahandisi wa jeshi la Marekani waliunyoosha miaka ya 60: kilomita 160 na ushee zikawa mfereji wa 90. Kuanzia 1999 wakaanza kufukia sehemu ya mfereji huo huo ili mto urudie mapindi yake.

Kingo Imara: Florida ni tambarare, mzee wangu. Mito yenye tope bila kuta huiwezi.

Mzee Mashapo: Haya, Huang He, China. Tope jingi, matuta pande zote mbili. Tope likatua katikati ya matuta, sakafu ikapanda, watu wakaongeza matuta, ikapanda tena, hadi mto ukawa unapita juu kuliko mashamba. 1855 ukapasua tuta na kuhama, mdomo wake ukaenda kutokea mamia ya kilomita kaskazini.

Bonde Kwetu: Suala la muhuri mmeliruka.

Mkondo: Halijarukwa. Simama kwenye kona ya mto: upande wa nje maji yana kasi, ukingo umesimama wima, mizizi inaning'inia hewani, upande wa ndani yanapoa, mchanga unatua. Kila mwaka kona inasogea kule nje. Hati haiizuii.

Bonde Kwetu: Kumbe linajulikana! Basi aliyepima viwanja upande wa nje alipe fidia kwanza, ndipo tuzungumze mapindi.

Kingo Imara: Fidia ni mada nyingine, ianzishie uzi wake.

Bonde Kwetu: Sianzishi. Nijibuni hapa hapa, nani analipa?