Mtoto anataka tambi za pakiti tu, maharage hagusi

mama_zai: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nina binti wa miaka saba. Nikimtengea ugali na maharage anasukuma sahani, anataka tambi za pakiti. Juzi nilimkomalia, akalala na chai ya rangi. Usiku wa manane nasikia kitu kinatafunwa jikoni. Nawasha taa: kafungua pakiti, anazila kavu, ule unga wa viungo kaumwaga kiganjani anaulamba. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyemwanzisha. Natoka Kariakoo jioni, na foleni hii Mbagala nafika saa tatu kasoro. Maharage yananila gesi saa mbili, tambi dakika tano. Nimtoeje huko?

bibi_mtanga: Marahaba mwanangu. Mnawadekeza. Sisi tulikula bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, hakuna aliyeulizwa anataka nini.

mtu_wa_shifti: Bibi, mtoto tunamwonea. Nimefanya kazi kiwanda cha tambi, jina nabaki nalo. Unga ukishakandwa unasukumwa na mashine hadi unakuwa kama shuka, unakatwa nyuzi, unapigwa mvuke, kisha unazamishwa kwenye mafuta ya mawese ya moto dakika moja au mbili. Mafuta ndiyo yanayofukuza maji, kwa hiyo dukani unanunua kitu kilichokwisha kuiva. Momofuku Ando wa Japani ndiye aliyezianzisha mwaka 1958. Huyo mtoto usiku alikuwa anakula kama krispi tu.

Ila anachokifuata kimo kwenye kile kipakiti kidogo. Geuza pakiti usome sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Ikiandikwa miligramu 800, hizo ni gramu 2 za chumvi. WHO inataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na mtoto chini ya hapo. Angalia pia hesabu ni ya pakiti nzima au ya gramu 100, hapo wengi tunapigwa.

lishe_kwanza: Nyongeza kwa bibi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, Marekani, waliwaweka watu wazima 20 kituoni: wiki mbili vyakula vya viwandani, wiki mbili vya kupikwa kawaida. Mezani kalori, sukari, mafuta na chumvi viliwekwa sawa pande zote mbili, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vya viwandani walikula zaidi kwa kama kalori 500 kwa siku, na walikula haraka. Hao walikuwa watu wazima, sembuse wa darasa la pili.

mama_wa_kisauni: Dada, pole. Mimi huku Mombasa maharagwe nayaloweka Jumamosi usiku, Jumapili nayachemsha sufuria nzima kwa makaa, nagawa kwa vikopo, friza. Jioni ni kitunguu, nyanya na tui, dakika kumi yashaiva.

bibi_mtanga: Hilo la tui nakubali. Nawe usimlaze tena na chai.

mama_zai: Asanteni. Friza sina, nitachemsha ya siku mbili tatu nitie kwenye friji. Leo nimempikia tambi zile zile, kipakiti nimekificha, nikatia karoti, nyanya na yai. Kala nusu, akaniangalia: "Mama, ule unga uko wapi?" Nikamwambia panya kaubeba. Sasa vipakiti vinne vimo kwenye kopo la majani ya chai, na kopo hilo analifungua yeye kila asubuhi.